Ruzuku ya TASAF kwa Kaya Yenye Mtoto Mdogo: Mwongozo kwa Walezi wa Mtwara na Lindi

Siku moja ya malipo, kijijini kwetu upande wa Newala, nilimkuta mama mmoja, mdogo wa umri, amekaa chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, mtoto mgongoni, mfuko wa nailoni wenye karatasi mapajani. Kaya yake ilikuwa kwenye mpango wa TASAF wa kaya maskini miaka mingi na fedha zilikuwa zikija. Kilichomkalisha pale ni huyo mtoto wa mgongoni. Alikuwa na miezi kumi na moja, kliniki hajakosa hata mara moja, lakini kwenye taarifa za kaya hayumo. Mama mdogo alidhani nesi akishaandika, na TASAF wameshaona. Hawakuona kitu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiulizwa mambo yaleyale na kina mama, na zaidi na mabibi, maana huku kwetu mtoto mdogo kulelewa na bibi mzaa mama si jambo la ajabu. Nimeyaandika hapa kwa mpangilio ninaoufuata ninapomsindikiza mtu.

Fedha hizi ni zipi

Tanzania Bara hakuna posho ya serikali anayolipwa kila mzazi kwa kuwa tu amezaa. Kilichopo ni ruzuku kwa kaya maskini kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF. Mfuko ulianza mwaka 2000 kwa kujenga madarasa, zahanati na visima. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ule unaotoa fedha mkononi, ulizinduliwa 2012, na awamu yake ya pili ikazinduliwa Februari 2020.

Fedha inalipwa kwa kaya, si kwa mtoto. Lakini mtoto ndiye anayeipandisha. Katika awamu ya kwanza hesabu ilikuwa hivi: kila kaya ilipata ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi. Kaya yenye mtoto wa chini ya miaka 18 iliongezewa 4,000. Kaya yenye mtoto wa chini ya miaka mitano anayehudhuria kliniki iliongezewa 4,000 nyingine, na hiyo ilikuwa ya kaya nzima, awe mtoto mmoja au watatu. Wanafunzi wa shule ya msingi walihesabiwa 2,000 kila mmoja, mwisho wanne. Ukijumlisha yote, pamoja na wa sekondari, kaya haikuvuka 38,000 kwa mwezi. Awamu ya pili viwango vilipangwa upya, kwa hiyo mwombe mtendaji wa kijiji au mratibu wa TASAF wa halmashauri akuoneshe vinavyotumika sasa. Usikubali kutajiwa jumla peke yake. Mwambie akutenganishie: msingi kiasi gani, watoto kiasi gani, kliniki kiasi gani. Ukizijua sehemu hizo tatu, siku fedha ikipungua utajua imepungulia wapi.

Malipo hupangwa kwa miezi miwili miwili. Yakichelewa, na huwa yanachelewa, hulipwa ya nyuma kwa pamoja. Usikope dukani kwa kuitegemea tarehe.

Kuingia kwenye orodha: usikose mkutano

Uandikishaji haufunguliwi kila siku. Mpango huja kwa awamu, na awamu ikifika kijijini kwenu dirisha huwa fupi. Ofisini hakuna fomu ya maombi ya kwenda kuchukua. Mlango ni mkutano wa hadhara wa kijiji au mtaa, na mambo huenda hivi.

Wananchi mkutanoni wenyewe hutaja vigezo vya kaya maskini: isiyo na uhakika wa milo, isiyo na kipato cha kueleweka, nyumba inayovuja, watoto wasiopelekwa shule wala kliniki kwa kukosa uwezo. Kisha kaya hutajwa kwa majina. Baadaye wanapita wawezeshaji nyumba kwa nyumba na dodoso, majibu yanaingizwa kwenye mfumo unaokokotoa hali ya kaya, na orodha inarudi tena mkutanoni kusomwa na kuridhiwa. Ni mikutano miwili, basi, na wengi huenda wa kwanza tu. Ule wa pili ndio mahali pa kusimama na kusema, "Fulani ameachwa," au hata, "Huyu hastahili." Nawajua watu waliokaa kimya mkutanoni kwa kumwonea haya jirani, halafu wakalalamika miaka mitatu.

Tatizo la huku kwetu ni mashamba. Msimu wa kilimo watu wanahamia shambani, wengine mwendo wa saa tatu kutoka kijijini, wanalala hukohuko kulinda nguruwe na nyani. Tangazo la mkutano linapigwa, mtu hayupo. Mpe namba yako mjumbe au jirani asiyehama, na umwambie wazi: mkiitwa mkutano wa TASAF, nitumie hata bodaboda.

Kuhusu dodoso, mwenye kuulizwa asiongeze wala asipunguze. Lakini aeleze. Ukiulizwa, "Una mikorosho?" usijibu "ndiyo" ukanyamaza. Mikorosho ishirini ya urithi iliyozeeka, isiyopata salfa misimu miwili kwa kukosa fedha ya kupulizia, si sawa na ekari tano zinazohudumiwa, na kwenye karatasi zote ni "ana mikorosho". Sema ni mingapi, ilitoa kilo ngapi kwenye chama cha msingi cha ushirika msimu uliopita, na kama shamba ni lako au la ukoo chini ya mjomba. Hali kadhalika kwa wa Ruangwa na Nachingwea kwenye ufuta na mbaazi. Mwandikaji anayekuja Novemba, minada ikiwa imepamba moto na mitaani kuna pikipiki mpya, anaweza kukiona kijiji kizima kina neema.

Jambo jingine, taja watoto wote wanaolala na kula kwako, hata kama mama yao yuko Dar es Salaam. Kaya ni wanaokula chungu kimoja. Bibi mwenye wajukuu watatu akijibu "naishi peke yangu, hawa wa binti yangu," amejikata mwenyewe.

Karatasi za mtoto

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo nawaomba mtulie.

Anza na cheti cha kuzaliwa. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, walileta utaratibu wa kusajili kwenye ofisi za kata na kwenye vituo vya afya vinavyotoa huduma ya mama na mtoto. Cheti hutolewa bila malipo. Ukajifungulia zahanati, uliza palepale kabla hujaruhusiwa kurudi nyumbani, maana safari ya kurudi baadaye ina nauli yake. Ukajifungulia nyumbani au njiani, nenda kwa mtendaji wa kijiji na kadi ya kliniki akuthibitishie, kisha upande kata. Baba kutokuwepo si sababu ya kumwacha mtoto bila cheti. Mama anamsajili mwanawe. Mwanao akivuka miaka mitano bila cheti, unahamia ofisi ya msajili wilayani, kuna ada na kuna vielelezo zaidi. Fanya sasa.

Karatasi ya pili ni kadi ya kliniki ya mtoto. Hii ni shahidi yako. Itie kwenye nailoni, usiiweke chini ya godoro kwenye nyumba inayovuja, na usimkopeshe mtu. Uwe na picha yake kwenye simu ya mtu unayemwamini, kurasa zote zenye mihuri.

Sasa majina. Hili halimo kwenye mabango yao, na kwetu ndilo linaloangusha watu kuliko umaskini wa karatasi wenyewe. Binti amezaliwa akaitwa jina moja, akatoka unyago na jina jingine, na hilo ndilo kijiji kizima kinamwitia. Shuleni aliandikwa la kwanza. NIDA, kwenye kitambulisho cha taifa, akaandika la pili. Kliniki nesi kamuuliza "mama nani?" akajibu jina la mtoto wake wa kwanza: Mama Somoe. Kwa hiyo kuna mtu mmoja na majina matatu, na mfumo unaona watu watatu. Wanaume nao, waliopewa jina jipya jandoni, hali ni hiyohiyo, na jina la baba ndilo linalomfuata mtoto kwenye cheti.

Dawa yake ni kuchagua jina moja na kulishikilia. Chagua lililo kwenye kitambulisho cha taifa, kwa sababu hilo ndilo gumu kubadili na ndilo lililosajili laini ya simu. Kabla nesi hajaandika kadi, mpe namba yako ya NIDA au kitambulisho chenyewe, asiandike kwa kusikia. Angalia herufi: Hadija na Khadija, Mohamedi na Muhammad, Saidi na Said. Mwandikaji atasema "ni yaleyale". Siyo yaleyale. Kama karatasi zimeshatofautiana, pata barua ya mtendaji inayosema majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, iwe na muhuri, na uitunze. Panapotakiwa kitu kizito zaidi, kuna kiapo cha majina kwa hakimu au wakili, ila hicho kina gharama, kwa hiyo uliza kwanza kama barua inatosha.

Kwa bibi anayelea mjukuu: ukiwa na cheti cha mtoto na barua ya mtendaji kwamba mtoto yuko mikononi mwako, unasimama kama mlezi. Kama mama wa mtoto amefariki, weka na karatasi ya kifo. Kama yuko hai mjini, asiwe ameandikisha mtoto huyohuyo kwenye kaya nyingine. Mtoto hahesabiwi mara mbili, na likigundulika wanasimamisha zote mbili.

Mtoto aingie kwenye taarifa za kaya

Hili ndilo lililomkwamisha mama mdogo. Kaya ikiandikishwa, hupigwa picha ya siku ile: watu wangapi, umri gani, nani anasoma, nani yuko kliniki. Baada ya hapo picha haibadiliki yenyewe. Mtoto akizaliwa, mjukuu akiletwa, mtu akifariki, mtu akioa akaondoka, lazima useme.

Pa kusemea ni kwa kamati ya jamii ya mpango kijijini, ile wengi huiita CMC, au kwa mtendaji, au kwa wawezeshaji wanapokuja wakati wa malipo. Mwambie unataka kubadili taarifa za kaya. Nenda na cheti cha mtoto, kadi ya kliniki, na kitambulisho chako cha mlengwa, yaani cha aliyeandikishwa kwenye mpango. Hakikisha umejazwa kwenye fomu mbele yako, kisha andika nyuma ya kadi ya kliniki: tarehe, na jina la aliyekujazia. Msomi wa nyumbani akuandikie kama wewe kalamu inakupa shida.

Mabadiliko huwa hayaonekani malipo yanayofuata. Subiri awamu moja ya malipo. Ya pili isipoonekana, rudi na tarehe yako mkononi. Mama mdogo alirudi mara tatu, na mara ya tatu akakuta fomu ya kwanza haijawahi kutoka kijijini, ilikuwa kwenye daftari la mtu. Angekuwa hana tarehe na jina, wangemwambia hakuwahi kuja.

Kliniki, na sharti lake

Sehemu ya fedha inayomhusu mtoto mdogo ina masharti. Kwa utaratibu wa mpango, mtoto wa chini ya miezi 24 hupelekwa kliniki kila mwezi, na wa kuanzia miaka miwili hadi mitano angalau mara moja kila miezi sita. Mjamzito naye anatakiwa ahudhurie. Watu wanaujua mwezi wa chanjo tu: wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha surua miezi 9 na 18. Katikati hapo wanakaa nyumbani kwa kuwa "hana sindano". Mizani nayo ni mahudhurio. Kati ya mwezi wa 9 na wa 18 ndipo kaya nyingi hukatwa, kwa sababu mtoto anaonekana mzima, anatembea, na ni msimu wa palizi.

Anayepeleka taarifa si wewe, ni mhudumu wa zahanati kwenye fomu ya mahudhurio ya walengwa. Kwa hiyo kila ukienda, kadi ikishagongwa, uliza: "Na kwenye fomu ya TASAF nimo?" Swali dogo, nesi atakuona msumbufu, na liulize tu.

Ukikosa, kinachopungua ni sehemu ya masharti. Kama zahanati ilifungwa, au mvua zilikata njia kama zilivyoikata barabara ya kusini Mei 2024, masharti yanahesabika pale huduma ipo na inafikika. Mwambie mtendaji mapema aandike, msisubiri malipo yaje pungufu ndipo mueleze.

Na huduma yenyewe ya mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano ni bure kwenye vituo vya serikali, kwa sera ya afya ya 2007. Dawa zinaweza kukosekana na ukaandikiwa ukanunue. Hilo tunalijua sote. Lakini kupima uzito na chanjo hakuna wa kukutoza.

Fedha ikifika

Mpango unapendelea mwanamke wa kaya awe ndiye anayepokea. Akiwa na simu, hulipwa kwa mtandao wa simu au benki. Laini iwe imesajiliwa kwa alama za vidole vyako mwenyewe. Laini ya mjomba, ya mwanao aliye Masasi, au ya mume, ni fedha ya mtu mwingine siku mkigombana. Namba ya siri usimpe wakala "akusaidie". Mabibi wengi hawasomi, basi mtoto wa shule anayeaminika aende naye, yeye aseme kiasi kilichoingia kabla wakala hajashika simu.

Hakuna mchango halali wa kukatwa mezani: si wa mwenge, si wa dawati, si wa chai ya kamati. Ada ya kutolea fedha kwa wakala ni jambo jingine, hiyo ni ya mtandao.

Kaya yenye mtu mwenye nguvu huitwa pia kwenye ajira za muda: kuchimba lambo, kufyeka njia, kupanda miti. Awamu ya kwanza walilipwa 2,300 kwa siku, siku 15 kwa mwezi, miezi minne ya ukata. Mwenye mimba au mwenye kichanga asijipeleke kwenye jembe na ndoo kwa kuogopa kufutwa. Ajieleze mapema, amtume mtu mzima mwingine wa kaya ile.

Ukikosewa au ukifutwa

Kufutwa kuna sababu nyingi: uhakiki umeona kaya si maskini tena, umehama bila taarifa, mtu kawa kiongozi wa kijiji, umeambiwa umehitimu. Omba sababu, tena kwa maandishi. Anza kwa kamati na mtendaji wa kijiji au mtaa. Ukikwama, nenda kwa mratibu wa TASAF kwenye halmashauri yenu. Siku ya kwenda, nenda na barua yako katika nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Barua iwe fupi: jina, kijiji, namba ya mlengwa, nini kimetokea, tarehe gani, nataka nini. Ukurasa mmoja. Historia ya ukoo iache nyumbani.

Kama umeombwa hongo ili uandikwe, hilo si la kamati. TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, wana namba ya bure, 113.

Wasio walengwa

Mama mwenye mwajiri, hata awe mbanguaji kwenye kiwanda cha korosho, analindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: likizo ya uzazi yenye malipo siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mmoja. Anatoa taarifa miezi mitatu kabla, pamoja na cheti cha daktari. Anaweza kuanza wiki nne kabla ya tarehe ya kujifungua, na hatakiwi kurudi kazini ndani ya wiki sita baada ya kujifungua isipokuwa daktari athibitishe anaweza. Akirudi ana haki ya saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Anayechangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, aulize pia fao la uzazi, kwa maana hilo lina masharti ya miezi ya kuchangia na watu huliacha likipita.

Na mama ambaye baba wa mtoto yupo, ana kazi, ana korosho zake mnadani, ila hatoi kitu: hiyo si TASAF. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mama au mlezi njia ya kudai matunzo mahakamani, na mara nyingi wito wa ustawi wa jamii peke yake unatosha kumfanya mtu akumbuke anakokaa mwanawe.

Mtoto akitimiza mitano

Siku anapoandikishwa shule, ule upande wa kliniki unafungwa. Usipotoa taarifa, kaya inaonekana ina mtoto asiyepelekwa popote. Rudi tena kwa kamati na cheti kilekile, mbadilishe: sasa ni mwanafunzi, shule fulani. Kuanzia hapo anayejaza mahudhurio ni mwalimu, na kiwango ni asilimia 80 ya siku za masomo. Mkipanga unyago, pangeni likizo ya Desemba, na muende kumuaga mwalimu kabla ngoma haijaanza.